Mlango wa Mbele wa Askerley

Doreen Hepworth alivaa kofia yake ya kanisani, akashika mkongojo, akamwambia bintiye Gillian kwamba hata mvua inyeshe mawe, leo wanakwenda Askerley. Mvua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, ile ya Yorkshire isiyojua kukoma.

Jumba la Askerley lilikuwa wazi kwa umma tangu Pasaka, baada ya wenyewe kushindwa na kodi ya urithi. Nusu ya kijiji walikwishakwenda kushangaa picha na vitanda, kisha wakanywa chai kwa skonzi pale palipokuwa zizi la farasi. Doreen hakuwa na haja na picha. Haja yake ilikuwa mlango. Siku ya kwanza alipokuja kuanza utumishi, msichana mbichi, alijipandia ngazi za mbele akagonga kama binadamu yeyote. Mkuu wa watumishi akamfokea mbele ya mabwana waliokuwa wakitoka kuwinda mbweha: mlango wake uko nyuma, kwenye stoo ya makaa. Wakamcheka. Ilimuuma, na mpaka amekuwa bibi wa wajukuu ilikuwa bado inamuuma.

Sasa juu ya ngazi zile zile alisimama Bwana Fairclough, mstaafu aliyejitolea kupokea wageni, tai shingoni, adabu tele.

"Karibu, mama! Lakini usijisumbue na ngazi. Wenye magoti mabovu tumewatengenezea njia nzuri ya mteremko, huko nyuma, mlango wa jikoni."

"Sitaki," alisema Doreen.

Gillian akamvuta mkono. "Mama, tafadhali. Si utafika ndani kule kule?"

"Kama ni kule kule, pita jikoni wewe."

"Utaanguka mbele za watu!"

"Nikianguka, nianguke nikipanda. Nishikie mkoba, na usinishike mimi."

Akapanda. Goti la kushoto likamchoma, akalitukana waziwazi. Nyuma yake miamvuli ilikuwa imejipanga foleni, na bwana mmoja akanung'unika kwamba bibi huyu atawakesheza hapo.

"Ungekuwa na haraka ungekuja jana," Doreen akamjibu bila kugeuka.

Katikati alisimama, uso umemwiva, pumzi juu juu. Gillian, chini, alikuwa ameukumbatia mkoba kwa hofu. Bwana Fairclough akashuka upesi, akanyoosha mkono.

"Asante, mwanangu, lakini hapana," Doreen alisema, akainua mguu tena.

Alipokanyaga ngazi ya mwisho, Bwana Fairclough, asijue afanye nini na mikono yake, alifungua na upande wa pili wa mlango, ule usiofunguliwa kwa wageni.

"Mama, umewahi kufika Askerley?"

"Nimefagia humu ujana wangu wote, kijana," alisema Doreen, akiweka kofia sawa. "Kufika, ndiyo leo."