Nta Niliyoionea Huruma

Binti yangu ana miaka kumi na sita, na kwa muda mrefu alichohitaji kutoka kwangu ni usafiri tu. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, na mbele ya marafiki zake hata hicho Kiingereza anakibana. Kwa hiyo Ijumaa ile aliponiletea ubao wake wa kutelezea kwenye theluji na kuniomba niupake nta, nilijiona nimepandishwa cheo.

Alinieleza vizuri: yeyusha nta kwa pasi, itandaze upande wa chini, iache ipoe, kisha ikwangue yote. Yote! Hapo ndipo tuliposhindwana, ingawa sikumwambia. Mimi nilisoma shule ya bweni Kenya, zamu yangu ilikuwa sakafu ya bwalo, na niliipiga polishi mpaka kiranja akajiona meno. Hakuna aliyewahi kuniambia nikishapaka niitoe. Nikatandaza magazeti kwenye zulia la fleti yetu hapa ugenini, Laurel, nikachukua pasi kuukuu, nikapaka tabaka tatu nene na kuzisugua kwa kitambaa. Ubao ulivyong'aa, wacha tu.

Kesho yake nikampeleka milimani, yeye na marafiki zake wawili. Tulipofika aliniomba, kwa upole, nisubiri ndani ya gari. Iliniuma, siwezi kudanganya. Nilikubali, kisha nikatoka kimyakimya nikasimama karibu na uzio.

Wenzake walishuka kama mchezo. Wangu alifika katikati, mahali penye mteremko mdogo, akasimama kabisa kama gari lililoishiwa mafuta. Akavua ubao, akaubeba na kushuka kwa miguu. Aliponiona aliniuliza kwa Kiingereza kama niliikwangua ile nta, maana ikibaki nene hunata kwenye theluji.

"Niikwangue ya nini?" nikamjibu. "Kwani polishi mtu anapaka halafu anaitoa? Si ni kuharibu?"

Nilingoja kelele. Akanitazama, akautazama ubao, akaangua kicheko mpaka akakaa kwenye theluji. Wenzake wakaja, akawaeleza habari ya bwalo na kiranja, niliyomsimulia mara mia nyumbani, nao wakacheka. Nikatoa kadi ya plastiki ya supamaketi, tukapiga magoti wote wanne tukaanza kukwangua kwa zamu. Nta ilitoka vipande vipande kama maganda ya viazi, na kila kipande kilinichoma roho.

Ubao ulipobaki bila dalili yoyote ya kazi yangu, nilijikung'uta nikaanza kurudi kwenye gari.

"Mama!" Aliniita kwa Kiswahili, wenzake wakisikia. "Usiende. Simama hapo hapo, nikuone nikishuka."

Nilisimama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Alipokuja mbio kutoka juu nilipiga vigelegele, watu wazima wakageuka kunitazama, na binti yangu hakuniambia ninyamaze.