Walimnyima mahindi ya msaada Kola, halafu wakamwita aje awaimbie wageni

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio na akaunti na mnaosoma kimyakimya mkijifanya hampo.

Jana kuna mtu ameandika kwenye uzi wa njaa kwamba watu wanaopewa chakula cha msaada hawana shukrani. Eti wangekuwa na shida ya kweli wasingelalamika. Nilisoma nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai ikapoa hapo hapo.

Nimeshindwa kunyamaza.

Haya ninayoandika sikuhadithiwa, nilikuwepo. Majina nimebadilisha, mengine yote nimeyaacha yalivyokuwa. Kama maneno yangu yatakuwa makali mtanivumilia, maana miaka imepita na hasira haijapita.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa msichana wa kupanga chumba Mumbuni, hapa Machakos, nimeajiriwa na shirika moja la msaada. Cheo changu kilikuwa community mobilizer. Kwa lugha ya kawaida, mimi ndiye niliyepanda pikipiki ya ofisi kwenda Kola, huko vijijini, kuwaambia watu mradi unataka nini, kisha nikarudi ofisini kusema watu wanataka nini.

Ile kazi ya kwanza bosi aliipenda. Ya pili alikuwa anaangalia saa.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Mvua ilikuwa imekataa msimu baada ya msimu. Akina mama wa Kola walichimba matuta ya kuzuia udongo kwenye miteremko, na shirika likawalipa mahindi na maharagwe.

Walichimba kwa mwethya. Kwa wasio wa huku, mwethya ni kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu, leo shamba lako, kesho langu. Na mwethya hauchimbi kimya. Kuna mmoja anayeanzisha wimbo, anaitwa ngui, wengine wanaitikia na majembe yanashuka pamoja. Ngui asipoanza, hakuna wa kuitikia. Hakuna aliyeandika hiyo sheria, lakini hakuna anayeivunja.

Ngui wa kikundi hicho alikuwa mama mjane, nitamwita Syombua. Alikuwa analea wajukuu, na hicho chakula ndicho kilichokuwa kinapikwa kwake. Hakuna kingine. Ukikaribia wanapochimba ungesikia sauti yake kabla hujaona mtu.

Sasa nije kwa bosi.

Huyu bwana, kabla ya kuletwa kwetu, alikuwa amefanya kazi kwenye kambi za wakimbizi wa Kipalestina huko Lebanon, na hakutupa nafasi ya kusahau. Kila mkutano ni "kule kwa Wapalestina". Kule tulikuwa na kamati ya wananchi. Kule tulikuwa na sanduku la malalamiko. Community engagement, accountability, yaani kuwashirikisha wananchi na kuwajibika kwao, maneno hayo aliyatafuna kama miraa.

Basi na Kola wakaundiwa kamati na sanduku.

Mwenyekiti wa kamati akawa mwenye duka kubwa pale sokoni, kwa sababu ndiye aliyekuwa na stoo ya kuwekea magunia. Sanduku la malalamiko likapigiliwa misumari kwenye ukuta wa duka lake, kando ya mlango. Na ufunguo akapewa yeye.

Hebu fikirini. Unataka kumshtaki mtu, unaenda mlangoni kwake, anakutazama ukiingiza karatasi, kisha anafungua mwenyewe asome. Nilisema ofisini kwamba huu ni wendawazimu. Nikaambiwa nisiwe negative.

Kila likifunguliwa lilikuwa tupu. Bosi alifurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza. Zero complaints. Akawa anatuambia ndivyo ilivyokuwa hata kule kwa Wapalestina, sanduku tupu, watu wameridhika.

Siku moja kukawa na mkutano wa wananchi, na bosi akanituma niwaambie waseme lolote lililo moyoni, hakuna atakayeguswa. Nikasema hivyo mbele ya watu wote, kwa Kikamba, ili kusiwe na mtu wa kusema hakuelewa.

Syombua akasimama. Akasema ile gorogoro ya kupimia pale stoo imegongwa chini. Gorogoro ni mkebe tunaopimia nafaka sokoni, na ukigonga kitako kikaingia ndani, kila anayepimiwa anapunjwa na macho hayaoni. Akina mama wakacheka ndani ya leso zao, halafu wakanyamaza haraka. Mwenyekiti naye akacheka. Bosi akaandika kitu, akasema asante mama.

Siku ya kugawa iliyofuata, mwenyekiti akasimama mbele ya watu wale wale. Akatangaza kwamba Syombua amedanganya shirika. Eti ana mtoto wa kiume anayefanya kazi mji wa Mlolongo, njia ya Nairobi, kwa hivyo anataka kula huku na kule. Jina lake likatolewa kwenye orodha hapo hapo, na yeye amesimama na gunia lake tupu limekunjwa kwapani.

Huyo mtoto alikuwa anapasua mawe kwenye machimbo Mlolongo, na hakuwa ametuma hata salamu kwa muda mrefu. Na Kola ni nani asiye na mtu Mlolongo? Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na nyumba za kupangisha huko huko!

Nilirudi ofisini naendesha pikipiki kama nakimbizwa. Nikamweleza bosi kila kitu. Mnajua alinijibu nini? Kwamba huyo mama afuate utaratibu, alete malalamiko yake kupitia sanduku.

Nilitoka nje nikaipiga teke pikipiki. Mguu ulivimba, na pikipiki haikuwa na kosa lolote.

Niliendelea kumsumbua bosi kila nilipopata nafasi. Akaniambia hawezi kuingilia kamati, kwa sababu kamati ni ya wananchi wenyewe na kuingilia ni kuwanyang'anya sauti yao. Wakuu, kuna watu wamesomea namna ya kufunga mlango huku wakikuambia uko wazi.

Syombua hakuacha kuchimba. Alikuja na jembe lake kama kawaida, akaanzisha nyimbo kama kawaida. Siku ya kugawa, kila mama akipata chake alimtilia kiganja kimoja kwenye gunia. Hawakufanya mkutano juu yake. Lakini kiganja cha mtu aliyepunjwa ni kidogo, na mjukuu wake wa katikati akaanguka mstarini shuleni kwa njaa. Nilimkuta nyumbani amelazwa kwenye mkeka, na bibi yake anamchemshia uji mwepesi wa kuonea chini ya sufuria.

Ndipo ikaja habari kwamba mgeni kutoka makao makuu anakuja kukagua. Ni mwanamke anayesimamia mambo ya kusikiliza wananchi kwenye miradi yote. Bosi akaagiza fulana zenye nembo. Akaagiza nyimbo za shukrani.

Mwenyekiti akagundua kwamba hakuna wimbo bila ngui.

Hapa nisomeni polepole. Walikuwa wamemnyima chakula. Wakamwita mwongo mbele ya majirani. Sasa wakatuma mtu nyumbani kwake aje aongoze wimbo wa kushukuru kwa kile chakula.

Syombua akaja. Alivaa nguo zake za kanisani. Fulana alipewa akaiweka begani, akasimama mbele ya wenzake, na gari la wageni likafika.

Akanyamaza.

Wageni wakashuka, wakasimama na tabasamu lile la kusubiri kuimbiwa. Kimya. Mwenyekiti akapiga makofi ya kuwaanzisha. Kimya. Wanawake wote wale wamepanga mistari, macho mbele, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu ngui hajaanza.

Bosi akacheka kidogo, akamwambia mgeni kwa Kiingereza kwamba wanawake wa huku wana haya. Haya! Wanawake wa Ukambani!

Mgeni hakucheka. Nitamwita Rima. Alinigeukia mimi akaniambia nimuulize yule mama wa mbele kuna nini. Bosi akanikazia macho, na nilielewa vizuri alichotaka niseme. Nikamuuliza Syombua kwa sauti ya kusikika na wote.

Akajibu kwa Kiswahili, nadhani alitaka hata dereva asikie.

"Mwambie mimi siko kwa hiyo chakula. Walinitoa kwa sababu nilisema gorogoro imegongwa. Sasa nikiimba asante, hiyo asante ni ya nini?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Kisha nikaongeza la sanduku na la ufunguo, ambalo sikuwa nimeulizwa.

Bosi akaanza tena, kule kwa Wapalestina mfumo huu huu ulifanya kazi vizuri sana. Rima akamkata. Kumbe yeye ni Mpalestina, amezaliwa na kukulia kwenye kambi, huko huko Lebanon. Alisema walipokuwa wadogo walichanwa nywele na kupangwa mstari wawaimbie wageni walioleta unga. Sanduku la malalamiko lilikuwa kando ya mlango wa karani aliyegawa huo unga, na mama yake aliwakataza hata kusimama karibu nalo.

Halafu akasema, na hili nalikumbuka kama lilivyo: "Sanduku halikuwa tupu kwa sababu tumeridhika. Lilikuwa tupu kwa sababu mama yangu hakuwa mjinga."

Akawaomba bosi na mwenyekiti wabaki kwenye gari. Akaenda kukaa na wanawake kwenye yale matuta waliyochimba, chini, na sketi yake nzuri. Mimi nikatafsiri mpaka koo likakauka. Waliporidhika kwamba kweli hakuna wa kumpelekea mwenyekiti maneno pale, walisema mengi kuliko niliyowahi kuyasikia mimi niliyekuwa nao kila wiki. Mmoja akakimbia stoo akaleta ile gorogoro. Rima akaingiza ngumi yake ndani, akatikisa kichwa.

Siku ya kugawa iliyofuata, kwa agizo la Rima, kulikuwa na mkebe mpya na jina la Syombua likasomwa.

Hakusogea.

Likasomwa tena. Bosi akanivuta kando, akaniambia nikamshawishi, hata kama ni kuchukulia nyuma ya stoo bila watu kumwona. Akasema amesharudishiwa chakula, sasa anataka nini tena?

Hilo swali, wakuu, ndilo linaloniamsha hasira mpaka leo. Mtu anayehubiri accountability tangu asubuhi mpaka jioni hakujua yule mama anataka nini.

Syombua alijua. Akasema mbele ya wote, wala hakupandisha sauti:

"Mahindi nitabeba. Lakini mliniita mwongo hapa mbele ya watu. Mnirudishe hapa hapa mbele ya watu."

Hakuna aliyeendelea kupimiwa. Wanawake waliokuwa tayari wamepata chao wakaweka magunia chini wakasubiri. Jua lilikuwa kali na wana njaa, lakini walisubiri.

Mwishowe mwenyekiti akasimama, akatazama chini, akasema kwamba Syombua hakudanganya na gorogoro ilikuwa imegongwa.

"Huko nyuma hawajasikia," Syombua akasema.

Ikabidi arudie kwa sauti. Ndipo akapanua mdomo wa gunia lake, akapimiwa, akajitwika, akaenda kupikia wajukuu.

Mwenyekiti alitolewa kwenye kamati. Bosi alihamishwa kwenda nchi nyingine kwa cheo kikubwa zaidi, na nimesikia bado anafundisha watu namna ya kusikiliza wananchi. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, sababu sikupewa.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu mwenye njaa akinyamaza usiandike kwamba ameridhika. Jiulize akisema ataadhibiwa na nani, na huyo mtu ameshika ufunguo wa nini. Na usidhani ukimrudishia mahindi umemaliza, kama ulimvua heshima.

Kwa hivyo wewe uliyeandika jana kwamba wenye shida hawalalamiki, nakusubiri hapa chini. Na wengine mliowahi kupanga foleni ya msaada, popote pale: mliwahi kuulizwa kama mmepunjwa, na je, aliyewauliza alikuwa amesimama na nani? Semeni.