Nilivyochekecha Mlango wa Gari

Tarime nzima hakuna anayejua kung'arisha gari kunizidi mimi.

Haya, nimedanganya.

Leo mjukuu wangu Chacha kaniachia kigari chake cha mbio nikifute vumbi la Matongo, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Jioni alitaka kukionyesha kwa wenzake Bomani.

Nikaona chembe zinameta mlangoni. Nikajua ni dhahabu ya mashimoni!

Nikasugua kwa stiliwaya ya masufuria, maji nikayakinga kwenye karai.

Chacha kanikuta nachekecha yale maji.

"Babu! Hiyo ni rangi ya kumeta, imetoka kiwandani hivyohivyo!"

Mlango wote mikwaruzo. Hakunitukana. Kapanda bodaboda, kaenda Bomani.

Aibu imeniingia mpaka kwenye meno niliyobakiza.

Jirani Mwita, cheka tu. Ila mkeo alipokusaka, nilikuficha. Chacha akirudi, nawe nifiche: mwambie nimeenda kijijini Nyansurura.