Bidoni ya Meza ya Bwana

Wenzangu, hii habari sipendi kuisimulia, na kila nikiisimulia natokwa jasho kana kwamba bado nimesimama pale mbele ya kanisa zima, mkono wangu ukiwa juu ya kichwa cha mwanamke asiye na kosa. Lakini nimechoka kusikia watu wakiisimulia vibaya, eti shetani aliingia kanisani kwetu hapa Kindu akaharibu Meza ya Bwana. Shetani gani? Ni mimi. Mimi Mama Riziki, prezida wa kina mama, miaka na miaka nikiwafundisha wengine usafi wa moyo na usafi wa sahani.

Mjue kwanza kwamba kwetu kikombe cha Bwana tunakijaza maji ya ngaingai. Zamani tulikuwa na siro nyekundu ya dukani, sharubati nzito ya chupa iliyokuja na treni, vita vikaja, treni ikakatika, mji ukazingirwa, hata chumvi tukawa tunaiona ndotoni, basi kina mama wakachemsha maua mekundu ya ngaingai na sukari kama ipo, na badala ya mkate tukamega muhogo wa kuchoma (nani angetucheka? Bwana mwenyewe aliona hali yetu). Vita viliisha, siro ikarudi madukani, lakini watu walikataa kuiacha ngaingai. Sheria yake ni moja: inachemshwa asubuhi ya Jumapili yenyewe, na anayechemsha ni prezida wa kina mama, kwa sababu ikilala itachacha, na kanisa letu halitaki hata harufu ya pombe.

Sasa mimi nakaa Alunguli, na kanisa liko ng'ambo ya mto Lualaba, kwa hiyo Jumapili ya Meza inabidi niamke kabla ya majogoo, niwashe makala, nichemshe, nipooze, nikimbilie pirogi, mtumbwi wa kuvukia. Mwezi ule nikajiambia, aah, magoti yananiuma, nitachemsha Alhamisi, nani atajua? Nikachemsha Alhamisi. Bidoni yangu ya kanisa, dumu la plastiki, ilikuwa imepasuka chini, nikachukua ile ndogo ya manjano ya mume wangu, anayoendea malafu kwa mgemaji (ndiyo, mume wa prezida anakunywa pombe ya mchikichi, na mimi nilikuwa namficha). Nikaisuuza mara moja, nikanusa, nikasikia kabisa kwamba harufu bado iko, nikaongeza sukari ili kuifunika, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaificha karibu na jiko. Mwanamke aliyekulia huku Maniema, anayejua vizuri masalio ya malafu yanafanya nini ndani ya kitu kitamu! Nicheni tu, nimestahili.

Jumapili asubuhi pale ufukoni nikamkuta jirani yangu, Mama Feza. Kwake haikuwa Jumapili ya kawaida. Wakati wa vita alipika lotoko, ile pombe kali ya mahindi na mihogo, akawauzia askari, maana mume alikuwa amekufa na watoto walikuwa wanavimba miguu kwa njaa. Kanisa likamtenga. Akaenda Kalima kuwapikia wachimbaji wa madini, akakaa huko mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe, mwaka juzi akarudi, akasimama mbele yetu akasema: "Nilipika lotoko. Hapana muntu alinilazimisha. Munisamehe." Hakumtaja shetani, hakuvitaja hata vita. (Kuna jambo jingine hakulitaja, nami nikalinyamazia kwenye benchi langu la mbele. Nitalifikia.) Wakamweka mwaka mzima benchi ya nyuma, na Jumapili ile njo ilikuwa siku yake ya kurudishiwa kikombe. Alikuwa amevaa kitenge kipya chenye mikunjo ya dukani bado.

Nikampa bidoni anibebee, kwa sababu nilikuwa na sahani. Katikati ya mto akaniambia, "Mama Riziki, hii bidoni imevimba. Ona tumbo lake."

"Ni joto tu," nikamjibu. "Beba."

Akabeba. Akaifikisha mwenyewe mpaka mezani, mbele ya macho ya watu wote.

Wakati ulipofika, pasta akiwa na shati lake jeupe la siku za Meza, shemasi mkuu akashika kifuniko akakizungusha kidogo tu, na ile bidoni ikapiga kelele, ikarusha ngaingai juu mpaka kwenye mabati, ikamrudia pasta usoni, kifuani, kwenye Biblia, kwenye kitambaa cheupe tulichokipiga pasi ya mkaa, na kwaya ya mbele ikalowa mstari mzima. Halafu harufu ikafika. Kanisa zima lilinuka kama kwa mgemaji siku ya soko.

"Nani alibeba hii kitu?" shemasi akauliza.

Macho yote yakaenda kwa Mama Feza. Sauti moja ikatoka upande wa wababa: "Mupika lotoko habadilikake!" Pasta, huku matone yakimdondoka puani, akasema shetani amepata mlango. Hapa njo hasira yangu inapoanza, na mpaka leo haijaisha. Hao ni watu ambao sokoni wataulizia samaki mmoja bei mara tatu, wamgeuze, wamfunue mashavu, wamnuse, lakini siku ile hakuna hata mmoja aliyeuliza swali moja dogo: nani alichemsha? Wote walijua ni kazi ya nani. Walinipenda mno kuniuliza, na yeye walimjua mno kumwuliza.

"Mama Prezida, unasema nini?" pasta akaniuliza. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Maneno mawili tu yalitosha: ni mimi. Nikasema, "Pasta, shetani ana hila nyingi."

"Basi kuja umuombee huyu dada."

Nikaenda. Nawaambia nilienda, miguu yangu mwenyewe. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake, juu ya kilemba cha kile kitenge kipya, nikafunga macho nikapaza sauti, "Toka, wewe roho ya ulevi!" na watu wakaitikia amina, na mimi (Mungu wangu) nikaanza kuona naomba vizuri.

Mume wangu huja kanisani siku za Meza tu. Masikio yake yalikufa kidogo na mabomu ya vita, kwa hiyo akinong'ona mtaa mzima unasikia. Akamnong'oneza jirani yake: "Eh! Ile bidoni njo yangu ya malafu! Naitafutaka tangu Alhamisi! Angalia chini, alama yangu ya bluu iko!"

Amina zikakatika. Shemasi akaigeuza bidoni. Alama ya bluu ilikuwepo, herufi R kubwa, niliyoipaka mimi mwenyewe ili isichanganyike na za wengine kwenye bomba la maji. Kwaya ikaanza kucheka chinichini, halafu waziwazi, na mimi, mkono bado uko kichwani kwa mwenzangu, nikafungua mdomo tena: "Ni shetani alini..."

"Toa mukono, Mama Riziki," Mama Feza akasema bila kupandisha sauti. "Shetani hana bidoni. Kwenye pirogi nilikuambia imevimba. Ulinijibu nini?"

"Joto," nikasema.

"Sema kwa nguvu. Wasikie."

Nikasema kwa nguvu. Nikasema Alhamisi, nikasema malafu, nikasema sukari ya kufunika harufu. Na kwa kuwa aibu ilikuwa imeshanimaliza nikatoa na lile la mwisho: kwamba wakati wa vita watoto wangu wanne walikula kwa Mama Feza, unga wa pesa ya lotoko, sahani moja na watoto wake, na siku kanisa lilipomtenga nilikuwa kati ya walionyosha mikono kukubali.

Pasta akasema basi, adui ameshindwa, tuimbe. Tukaimba! Hakuna aliyemwomba radhi Mama Feza, si pasta, si yule baba aliyepiga kelele za lotoko. Ngaingai ilikuwa imekwisha kwenye mabati na kwenye shati, Meza ikaahirishwa miezi mitatu, na mwanamke aliyengoja kutoka vita mpaka mvi akavuka mto kurudi nyumbani na midomo mikavu. Mimi njo nilimfanyia vile.

Wazee waliniita wakasema miezi mitatu ya benchi ya nyuma inanitosha, kwa sababu mimi ni mama mkubwa kanisani. Hasira ikanipanda upya. Yeye aliyelisha watoto apewe mwaka mzima, mimi niliyesema uongo juu ya kichwa chake nipewe miezi mitatu? Nikawaambia nitakaa mwaka, na benchi nimeizoea sasa, ina msumari upande wa kushoto. Nimeapa jina la shetani halitatoka tena mdomoni mwangu mahali panapotakiwa jina langu.

Ngaingai sasa, prezida akiwa benchi ya nyuma, anachemsha Mama Feza. Kikombe alikipata, nilikiona kikipita nikiwa kule nyuma. Jumapili ya Meza iliyopita tulipanda pirogi moja, yeye na bidoni mapajani, bado ya moto, na mimi mikono mitupu. Nikamwambia, "Mama Feza, lete nikusaidie."

"Hapana," akasema. "Hii nabeba mwenyewe."