Neno la Kuandika Kuhusu Mto Mara

Nilikuwa nimestaafu kufundisha Kiswahili, nakaa kwangu Gitothua, jirani aliponitafutia kazi ya siku mbili: kuandika kumbukumbu za kikao mjini Thika. Wakulima wa Kenya na wafugaji wa Tanzania wanaotumia maji ya Mto Mara walikuwa wameletwa huku, mbali na kwao, wapatane kwa utulivu. Niliona ni kazi rahisi. Wote wangesema Kiswahili, mimi ningeandika.

Asubuhi ya kwanza akasimama mama mmoja wa upande wetu, mkulima wa vitunguu.

"Sisi hatujaibia mtu maji. Hiyo mto inapitia kwetu kwanza. Lakini wakati wa jua tutazima pampu siku mbili kwa wiki, tuwaachie maji."

Nikaandika: tuwaachie maji.

Mzee mfugaji kutoka ng'ambo ya mpaka akainua mkono. "Samahani, mwalimu. Neno hilo lifute. Anayeachia ni mwenye mali. Maji haya si mali yake."

Nikalifuta. Mama akanigeukia. "Mwalimu, kwani unanifutia maneno yangu?"

Nikajaribu "kugawana", mama akakataa. Nikajaribu "kushirikiana", mzee akauliza kama ng'ombe wake watakunywa ushirikiano. Alisimulia ng'ombe hao walivyokwama kwenye matope ya mto uliokauka, wakafa akiwatazama. Nikawa upande wake kabisa. Kisha mama akasema kiangazi hicho hicho vitunguu vyake vilikauka, binti yake akaacha shule. Sikujua tena nisimame wapi.

Baada ya chakula cha mchana tulitembea hadi Mto Chania kunyoosha miguu. Mzee akaniuliza, "Huu wenu unaelekea wapi?"

"Unaingia Mto Thika, halafu Tana, mpaka baharini."

"Na wa huko chini wanasemaje?"

Nimeishi huku miaka yote. Sikuwahi kuwawazia.

Siku ya pili walitia sahihi sentensi moja: pampu zitazimwa Jumanne na Ijumaa wakati wa kiangazi. Kuhusu maji yenyewe hakuna neno lililokubaliwa, basi sikuandika lolote. Mlangoni nikawakuta mama na mzee wakipeana namba za simu.

"Maji yakishuka chini ya magoti ya ng'ombe, nipigie nizime," mama alisema.

"Hata siku isiyo ya zamu?"

"Nipigie tu, baba."

Nikamuuliza mwenyekiti kama niyaandike hayo. Akasema kikao kimeshafungwa.

Kiangazi kilichofuata mama alinipigia. "Mwalimu, karatasi ilisema siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa."

"Basi mzee amenipigia leo, Jumatano. Nimezima, na majirani zangu nimewaambia wazime. Sasa wananiuliza imeandikwa wapi."

Nikafungua daftari langu la kikao, nikashika kalamu. "Nirudilie mliyosema pale mlangoni," nikamwambia.