Mtani Wangu Mwanahawa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Sita tulimzika Mwanahawa, na kwa kifo chake nimempoteza mtu wa mwisho aliyekuwa akinitukana. Wa rika langu mtanielewa. Vijana, ulizeni.

Enzi zetu, Mwingereza akiwa bado yupo, likizo ndefu haikuwa ya kutembezwa. Ulipelekwa kwa ndugu ukasaidie kazi. Mie nilikuwa na miaka kumi na minne, nasoma shule ya misheni huko Tabora, mtoto wa kike wa kujificha nyuma ya mama hata kanisani. Baba akanipandisha treni na kibuyu cha asali, niende Temeke kwa dada yake, shangazi Sesilia, ambaye mumewe alifanya kazi reli. Ndani ya behewa mama mmoja akanigawia mahindi ya kuchoma pamoja na habari za mumiani. Alisema Dar es Salaam kuna watu wanaozunguka na magari, wanakamata wageni na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa. Mahindi sikuyamaliza.

Temeke hiyo ilikuwa minazi, mikorosho na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Hewa ilinata mwilini. Kila uani kulinukia nazi iliyokunwa na moshi wa vifuu. Shangazi alinipokea stesheni, na tulipofika kwake tukamkuta binti mmoja mrefu, wa umri wangu, kanga kifuani, amekaa kwenye kizingiti na kuinyoosha miguu mpaka mwimo wa pili wa mlango.

"Hapiti mtu," akasema. "Huyu mzigo wangu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa chumvi."

Majirani wakacheka. Shangazi naye akacheka, akairuka ile miguu na kuingia ndani, akaniacha pale. Binti akaninyang'anya kibuyu, akachovya kidole, akalamba, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Damu ya bara nzito kama asali," akasema. "Mumiani atafurahi."

Huyo ndiye alikuwa Mwanahawa, binti wa Kizaramo wa nyumba ya pili.

Tangu hapo sikutoka nje. Alfajiri nikitumwa maji bombani, nasema tumbo linauma. Gari likipita barabarani, nabana pumzi mpaka mlio upotee. Kila asubuhi Mwanahawa alipita dirishani, debe kichwani, akiita, "We mzigo, umeamka? Au umeshauzwa?" Nami kimya. Lakini kilichonitisha kuliko vyote ni kile kicheko cha shangazi. Nilijiambia, naye yumo. Aliponiongezea mihogo ya nazi kwenye sahani, niliona ananinenepesha.

Siku moja mchana mama yake Mwanahawa akaja. Alikaribishwa kitini, hakukaa. Nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia akisema mwanawe amekuwa mnyonge, hata chakula hali. Mgeni amemdharau. Wamekosa nini hata mtoto asijibiwe neno?

Alipoondoka, shangazi akanifuata, akaniuliza kama nyumbani hawakuniambia kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Hawakuniambia. Kule misheni tulikaa Wanyamwezi watupu, na matusi yalikuwa dhambi ya kuungama.

"Alikuwa anakukaribisha, mwanangu," alisema. "Wewe ukanyamaza. Sasa ndiyo umemtukana kwelikweli. Kesho utakwenda bombani umjibu, tena mbele za watu."

Nilikwenda. Kulikuwa na giza bado kidogo, wanawake wamepanga madebe, na Mwanahawa aliponiona akageuza uso. Sijapata kuogopa vile tena, hata siku ya kujifungua mtoto wa kwanza.

"Babu yako alimnunua babu yangu," nikasema, sauti nyembamba kama ya kifaranga, "kwa sababu nyie mkivuka vilima vya Pugu hapo nje ya mji tu, mnalia mnamtaka mama. Mlihitaji wa kuwabeba."

Kisha mama mmoja akalitua debe lake ili acheke vizuri, na wengine wakafuata. Mwanahawa alijifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika.

"Kumbe mzigo unasema," akasema.

Mara likatokea lori barabarani, taa zinawaka. Nikataka kukimbia. Mwanahawa akanishika mkono, na ndipo nikajua kuwa mkono wake unatetemeka kuliko wangu. Na yeye alikuwa akimwogopa mumiani.

Likizo iliyobaki tulicheza mdako na rede mpaka viganja vikaota sugu, tukakuna nazi, tukatukanana kutoka bombani hadi nyumbani. Niliporudi shuleni nilinyoosha mkono darasani, sista akadhani naomba kutoka nje. Baadaye niliolewa Temeke hukohuko, na Mwanahawa hakuwahi kuniita jina langu.

Siku hizi mjukuu wangu akiandikiwa neno moja baya kwenye simu, anamfungia mtu asimwone tena. Sisi tulifungiana milango kwa miguu, na mtu akabaki palepale.

Ijumaa ile jeneza lilipokuwa tayari kutoka nyumbani kwake Mwanahawa, hakuna kijana aliyejua mtani anatakiwa afanye nini msibani. Nikangoja. Nikaikumbuka siku ya bombani, maana nilijua watasema kikongwe wa Kikristo amekuja kuharibu msiba. Nikajifunga kanga ya marehemu kifuani, nikakaa kizingitini, nikanyoosha miguu mpaka mwimo wa pili.

"Hapiti mtu," nikasema. "Huyu mzigo wangu."

Mjukuu wake mmoja akaja kuninyanyua, akisema samahani bibi, wanataka kupita na maiti. Mwanawe mkubwa, aliyeshika jeneza kwa mbele, akamwambia aniache. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Tuachie, mama," akaniambia. "Wanatungoja msikitini."

"Mbebeni polepole," nikamwambia. "Huyo hajawahi kuvuka Pugu."

Wazee wachache wakacheka. Nikakunja miguu, wakapita.