Brashi Iliyokaushwa Juani

Nimerudi Shinyanga na stashahada niliyoipata kwa kujisomesha mwenyewe, na jana nilipofungua kopo la rangi ya mafuta, harufu yake ilinikumbusha baba.

Wakati ule nilikuwa binti mdogo. Nyumba ya bosi ilikuwa imepakwa nusu alipowaambia baba na mafundi wenzake, "Anayetaka kazi atoke kwenye chama chenu cha wafanyakazi."

Fundi rangi haachi brashi bila kuiosha, maana ikikauka haifai tena. Baba alichovya yake kwenye rangi, akailaza juani. Wenzake wote wakafanya vilevile.

"Wazimu nyie! Kesho mtapaka na nini?"

"Kesho utapaka wewe, bosi," baba akasema. "Brashi ndizo hizo."

Ya baba, ngumu kama jiwe, nimeitundika ofisini kwangu, juu ya stashahada.